Vimigomba Mbele ya Mahakama

Siku nilipostaafu, karani alinipa karatasi ya makabidhiano yenye mistari minne: jembe, toroli, keni ya kumwagilia, mpira wa maji. Nikaijaza, nikasaini, akagonga muhuri. Lakini bustani haikabidhiwi kwa mistari minne, hasa bustani ile, ambayo ilinifanya nitazamwe kwa jicho baya kuliko washtakiwa wenyewe. Ndiyo maana nimeketi hapa nyumbani kwangu Bariadi na daftari, nawaandikia ninyi mliobaki na majembe. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa sikupata. Nitaeleza maua, na watu walioyaogopa.

Kazini nilijulikana kama Mama Shija. Nimezaliwa Sola, huko Maswa, nyumba ya pamba na mtama, na kwa miaka ishirini na moja nilikuwa mtunza bustani wa mahakama moja ya mwanzo katika mkoa wetu wa Simiyu. Ni ipi, nitaliacha hilo, maana waliohusika bado wanapita njia ninazopita. Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa hivyo, na nilikuta kwamba katika kazi hii tabia hiyo inasaidia. Mtunza bustani anayeamini kwamba jani lililo kijani juu ni kijani na chini, ataamka siku moja akute viwavi wamemaliza kazi.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Mzee Maduhu, mtunza bustani aliyekuwa anaondoka, amekaa juu ya toroli iliyopinduliwa.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Wewe ndiye mrithi wangu?"

Nikasema ndiye mimi. Akanyanyuka, akanizungusha. Ulikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kimekausha kila kitu, na ule udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Mbele ya mlango wa mahakama palikuwa na tuta refu upande wa kulia na jingine upande wa kushoto. Yote mawili yalikuwa matupu, mabua makavu tu yamelala.

"Maua yako wapi?" nikauliza.

"Yapo. Yamelala."

Nikajua ananidanganya. Nikafikiri, huyu ameacha maua yakafa na sasa anataka lawama ziniangukie mimi. Nadhani alisoma uso wangu, kwani alichukua uma wa kuchimbia, ule wenye meno manne, akauzamisha pembeni ya tuta na kuuegemea. Udongo ukanyanyuka na kitu kama tangawizi kubwa, chenye vifundo na mizizi iliyosinyaa. Akakikwaruza kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe na kibichi.

"Hili ni tunguu," akasema. "Majani yanakufa, lenyewe halifi. Mvua ya kwanza ikinyesha, baada ya wiki mbili utaona. Usiyachimbue kwa hasira."

Ua lenyewe wenye vitabu huliita kana. Masista walioleta mbegu ya kwanza waliliita mtasubihi, kwa sababu mbegu zake ni nyeusi, za mviringo na ngumu kama shanga za tasbihi. Watu wa kwetu hawakuhangaika na majina hayo. Waliona majani mapana yaliyosimama kama ya mgomba mchanga, wakasema vimigomba. Vimigomba vya mahakama. Maua yake ni mekundu, mengine ya njano yenye madoa, na yakikubali udongo hutoa maua tangu mvua za vuli hadi masika yaishe.

Mzee Maduhu alinifundisha kwa wiki mbili. Shina moja huchanua mara moja tu katika maisha yake, alisema, kwa hiyo likimaliza likate chini kabisa, usilionee huruma, nguvu iende kwa machipukizi. Ua likinyauka lichume kabla halijafunga mbegu, kwa sababu mmea ukishazaa mbegu huona kazi yake imekwisha. Jani lililojisokota lifunue, kuna kiwavi ndani amelala kama mtu kwenye mkeka. Samadi itoke kwenye zizi la zamani, ile mbichi huunguza. Juu tandaza pumba za mpunga ili jua lisinywe maji kabla ya mmea. Na kila baada ya miaka miwili au mitatu, mvua zinapoanza, chimbua matunguu yote, maana hubanana hadi yanaacha kuchanua. Yakate kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na macho mawili au matatu, paka majivu kwenye vidonda yasioze, yaache kivulini siku moja, kisha yafukie, macho yakitazama juu, kina cha kiganja tu.

"Na ua likikauka bila sababu," akamalizia, "usimuulize Mungu kabla hujamuuliza mbuzi."

Hayo alinifundisha. Asilonifundisha ni jinsi mambo hayo yanavyoonekana kwa mtu aliyekaa kwenye benchi la mahakama tangu asubuhi, anangoja kesi yake iitwe, na hana kingine cha kutazama isipokuwa mimi.

Hebu fikirini anachokiona. Mwanamke mtu mzima anakuja jua halijapanda, kwa sababu jua la kwetu likipanda tunguu lililokatwa hukauka. Ana kisu. Anachimba mbele ya mlango ambao kila mtu mwenye kesi lazima apite. Anatoa mizizi, anaikata, anaipaka majivu, anaifukia tena, kisha anamwagia maji huku midomo inacheza. Midomo ilikuwa inacheza kwa sababu nilikuwa nahesabu macho ya matunguu. Nani angeamini?

Mwaka wa pili nilianza kuona kwamba watu wengine hawapiti katikati. Wanakwepa upande wa kulia, walikoniona nikichimba, wanapita kushoto wakigusa ukuta. Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mayu, nipite wapi?" Nikamwambia apite mlangoni. Akanishukuru sana, akaenda akashinda kesi yake, na wiki iliyofuata wakaja watatu kuniuliza swali hilohilo. Wengine walichuma majani wakayaficha kifuani. Nikaweka uzio wa waya. Waya ukaleta maneno mapya: kama si dawa, kwa nini imezungushiwa?

Wa kunichekesha katika hayo yote alikuwa Salu, mlinzi wa getini. Tulianza kazi mwaka mmoja. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo isiyofaa kwa mlinzi, na ndiye aliyeshika funguo zote, za geti na za stoo yangu. Kila siku saa nne nilikuwa naleta chupa ya chai kibandani kwake, yeye analeta viazi vya kuchemsha au karanga, tunakula huku tunatazama watu wanavyokwepa vimigomba. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na kichaka kimoja cha kana nyekundu ambacho alinisihi nisikichume maua. Alipenda ile rangi, na alipenda kusikia mbegu zikigongana ndani ya maganda. Nikakiacha. Bustani nzima ni kichaka hicho pekee kilichofunga mbegu.

Sasa niwaeleze kesi ngumu.

Ilikuwa miaka tisa kabla sijastaafu. Mzee mmoja wa Sapiwi, nitamwita Jidayi, alikuwa na shauri la mirathi. Mdogo wake alikuwa amefariki, na Jidayi alitaka awe msimamizi wa mirathi, ashike ng'ombe na mashamba ya pamba. Mjane wa marehemu akasema yeye na wanawe wapo, na wana akili zao. Ukoo ukagawanyika. Kila kesi ilipotajwa, uwanja ulijaa, wake kwa waume, pande mbili zisizosalimiana.

Siku mojawapo ya kesi hiyo, mvua za vuli zikiwa zimeanza, mimi nilikuwa nafukia matunguu kwenye tuta la kulia. Yalikuwa yamebanana, hayakuwa yamechanua vizuri msimu uliopita. Jidayi alifika mapema kuliko wote. Alisimama nyuma yangu hadi nikahisi kivuli chake.

"Mwangaluka, baba," nikasema.

Hakuitikia. Akatazama kisu, akatazama majivu kwenye kopo, akaenda kukaa.

Wiki tano baadaye, machipukizi yakiwa yamefika gotini, nikapata msiba Sola. Nikaomba ruhusa, karani akaniandikia. Jumatatu nikaondoka, Jumatano jioni nikarudi. Alhamisi hukumu ikasomwa: mjane ndiye msimamizi wa mirathi. Mimi nilikuwa nafagia majani nyuma. Nilisikia vigelegele upande mmoja, na upande wa pili kimya. Jidayi alipotoka hakwenda getini. Alikuja hadi kwenye tuta la kulia.

"Mayu," akasema mbele ya watu wote, "ulizika nini hapa?"

"Maua, baba."

"Maua yanapakwa majivu?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri kabisa, kuhusu vidonda na kuoza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zikikunjwa. Mtu akishaamua kushuku, maelezo yako yanakuwa ushahidi.

Ijumaa asubuhi alirudi na ndugu zake, na nyuma yao mtendaji wa kijiji na wazee wawili wa sungusungu, walinzi wa jadi, ili isionekane ni fujo. Hakimu, mama mmoja mtaratibu aliyetoka mkoa mwingine, alikuwa bado hajafika. Karani akaogopa, akasema chimbeni mridhike. Kijana wa Jidayi akachomeka fimbo hapa na pale, na mara ya nne fimbo ikatoa kifurushi.

Kilikuwa kitambaa cheusi kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Kikafunguliwa kwa ncha ya fimbo. Ndani mlikuwa na udongo wa kichuguu, kipande cha mzizi nisioujua, na mbegu tatu nyeusi za mtasubihi.

Simu zikatoka mifukoni. Nina hakika picha ile ilifika Sapiwi kabla Jidayi hajafunga mdomo wake. Watu wakarudi nyuma hatua mbili, kila mmoja, kana kwamba wameambiana. Nikabaki peke yangu katikati na fagio. Nilimtafuta Salu kwa macho. Alikuwa getini, anatazama barabarani.

Lazima niwaambie kwa nini niliogopa kiasi kile. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na macho mekundu, ambayo kwetu huitwa macho ya mchawi. Yalikuwa mekundu kwa sababu alipika miaka hamsini kwa kinyesi cha ng'ombe, kuni zikiwa hazipo, na moshi ule hausamehe. Mwaka mmoja ndama walikufa kwa jirani. Hakuna aliyemshitaki popote. Watu waliacha tu kuitikia salamu yake. Akafunga mzigo asubuhi moja akahama, na mpaka anakufa alikaa kwa watu, kwenye kijiji ambako hakuzaa wala hakuzaliwa. Wengine wenye macho kama yake hawakupata hata nafasi ya kufunga mzigo. Kila mtu wa kwetu anajua.

Hakimu akafika. Akatazama kifurushi, akatazama watu, akaona kwamba hili si jambo la kufukuza kwa maneno ya kisheria.

"Mama Shija," akasema, "una la kusema?"

"Mheshimiwa, naomba nichimbe."

"Achimbe nini tena?" Jidayi akasema. "Aende akatoe na mengine?"

"Mwache achimbe," akasema mzee mmoja wa sungusungu, mfugaji mwenye fimbo ndefu. "Tuone mikono yake."

Nikakunja mikono ya blauzi hadi juu ya kiwiko. Nikachukua uma, nikauzamisha kwenye shina la jirani, hatua moja kutoka pale kifurushi kilipotoka, shina nililolipanda siku ileile. Nikaunyanyua polepole. Bonge la udongo likatoka limeshikwa na mizizi myeupe, mingi, minene kama tambi. Sikuwa na uhakika nitakuta nilichokitafuta. Nikapukutisha udongo kwa vidole, na Mungu si Athumani, kikatokea kipande cha gunia. Kilitoka kwenye gunia nililobebea samadi siku ya kupanda. Lilikuwa limechakaa, vipande vyake vilikatika siku ile na kuangukia kwenye mashimo.

"Baba," nikamwambia yule mfugaji, "shika hapa uvute."

Akavuta. Gunia halikutoka. Mizizi ilikuwa imelipenya tundu kwa tundu, na upande wa chini lilikuwa limeoza, linanata.

"Hiki kimekaa chini wiki tano," nikasema. "Sasa tazama kile kitambaa. Kuna mzizi hata mmoja uliokipenya? Kimeoza wapi? Hata uzi haujapoteza rangi. Na tazama machipukizi yaliyokuwa juu yake. Yamevunjika, majani yamenyauka lakini hayajakauka. Hiyo ni kazi ya siku tatu au nne."

Mfugaji yule akachuchumaa. Akakigeuza kitambaa kwa fimbo, akanusa bonge langu la udongo, akagusa chipukizi lililovunjika. Mtu aliyezoea kutazama nyayo za ng'ombe aliyeibwa hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Kipya," akasema.

"Basi alikifukia juzi," Jidayi akasema haraka.

"Juzi nilikuwa msibani Sola. Jumatatu hadi Jumatano. Muulize karani."

Karani akaleta barua ya ruhusa, hakimu akaisoma kwa sauti. Kisha, kama kundi la ng'ombe linavyogeuka bila kuamriwa, macho yote yakamhamia Jidayi. Nami yangu yalikuwemo. Nilimwona wazi kabisa: ndiye aliyekuja na kijana mwenye fimbo, ndiye aliyejua pa kuchimba.

"Si mimi," akasema. "Naapa kwa kaburi la mdogo wangu. Si mimi."

Hakimu akawaambia watawanyike. Asiyeridhika na hukumu akate rufaa, na atakayemgusa mtumishi wake atakutana naye akiwa upande wa pili wa meza. Kifurushi kikachomwa. Jidayi hakukata rufaa. Aliondoka Sapiwi mwaka uleule, nasikia watu wa kwao walikuwa wameacha kukaa naye benchi moja. Nililala vizuri nilipopata habari hizo. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Lakini mimi ni mtu wa kushuku, na zile mbegu tatu zilinikaa kichwani. Huku mbele nilichuma kila ua lililonyauka. Hakukuwa na mbegu. Jumatatu yake, Salu alipokwenda kufungua geti la nyuma, nilipita nyuma ya kibanda chake. Maganda ya mbegu za kana yakiiva hukauka na kupasuka yenyewe. Pale palikuwa na ganda moja limepasuliwa likiwa bado la kijani, alama za kucha zikionekana.

Nikakaa kwenye kiti chake nikamngoja.

"Ni wewe," nikasema alipoingia.

Hakuuliza ni mimi nini. Aliegemeza rungu lake ukutani, akakaa sakafuni.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Ijumaa, waliponiweka katikati?"

Akaanza kueleza akiitazama miguu yake. Siku ile ya kugawa matunguu nilikuwa nimempa vipande viwili akapande kwake. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alivipanda mbele ya nyumba. Baada ya siku kumi na mbili mke wake aliharibikiwa na mimba ya miezi mitano. Hakumwambia mtu kazini. Mama yake akampeleka kwa mganga, na mganga akasema: kitu kimeingia kwenu kwa mkono wa mwanamke, kimeingia na mizizi.

"Nani mwingine alinipa mizizi, Mama Shija?"

"Ukaamini."

"Nilijaribu nisiamini."

Kile kifurushi kilikuwa zindiko, kinga, lizikwe pale anapokanyaga mwanamke huyo, likiwa na mbegu za mmea wenyewe. Alingoja nisafiri.

"Na chai yangu?" nikamuuliza. "Majuma yote hayo ulikuwa unakunywa."

"Nilikuwa nakunywa huku naomba."

Siku nyingine ningecheka. "Ijumaa ungesema tu ni zindiko lako," nikamwambia. "Ungesema neno moja."

Hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza.

"Wangeniuliza najikinga na nani."

Nimelifikiria jibu hilo kwa zaidi ya miaka tisa. Ni kweli kwamba angesema, jina langu lingetoka kinywani mwa mtu aliyenijua kuliko wote, na gunia lenye mizizi lisingenisaidia kitu. Inawezekana alinyamaza ili kunilinda. Inawezekana pia alinyamaza kulinda kibarua chake, na jibu hili zuri alilipata baadaye, akiwa kitandani. Sikuweza kujua wakati ule, na sijui leo.

Nilimpa pole ya mke wake. Nikamuuliza vile vipande viwili viko wapi, akasema alivichoma. Sikwenda kwa hakimu. Wengine watasema nilikuwa na moyo mzuri. Nilikuwa na hesabu tu: habari ya Salu ikitoka, habari ya mganga nayo itatoka. Kwa hiyo nilimwacha Jidayi abebe mzigo usio wake, mzee aliyekosea kunishuku mimi, kama nilivyokosea kumshuku yeye. Nilipata kumtafuta miaka mitatu baadaye, nikaambiwa yuko upande wa Meatu kwa binti yake. Nikapanga safari mara mbili. Mara zote mbili sikusafiri.

Chai niliendelea kupeleka saa nne, kwa sababu ningeacha watu wangeuliza. Lakini kila mmoja alijimiminia yake.

Kazini nilibadili utaratibu, na hili ndilo nawasihi mlishike. Toka mwaka ule nilichimbua matunguu saa sita, jua la utosi, uwanja umejaa. Yalikauka kidogo, nikayafunika kwa gunia lenye maji, yakavumilia. Na nilikuwa nasema kwa sauti kila ninachofanya, kama mwalimu. "Hapa nakata. Hapa kuna macho matatu. Haya ni majivu ya jikoni, kidonda kisioze. Wewe mama, njoo ushike." Wengine walikuja wakashika. Mzee Maduhu, aliyekuja kunitembelea kabla hajafa, alitazama tamasha hilo mwanzo hadi mwisho, akasema hajawahi kuona maua yakipandwa kwa hotuba. Waya niliung'oa. Waliokwepa upande wa kulia walipungua, hawakuisha. Na tangu siku ile sikumpa mtu mche, wala jani, wala mbegu, awe nani. Walioomba niliwaambia ni mali ya serikali.

Wiki yangu ya mwisho kazini walinifanyia sherehe ndogo, soda na pilau. Watu walipokuwa wanakunja viti, Salu alinifuata kwenye tuta. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe, na sauti ileile ndogo. Mkewe alikuwa amezaa tena, wawili, wote wazima.

"Mama Shija," akasema, "naomba mche."

Nilimtazama. Nilijiuliza anautaka wa nini. Nilijiuliza nani amemtuma, na kama kuna mtu anaumwa kwake. Nikatazama mikono yake kama kuna kitu ameshika. Ndivyo nilivyo, na yeye ndiye aliyenizidishia tabia hiyo.

"Chimba mwenyewe," nikamwambia.

Akachukua uma. Aliuchomeka karibu mno na shina, akauegemea kwa nguvu, na nikasikia tunguu likikatika chini, mlio ule wa muhogo kuvunjika. Akachomoa, akachomeka tena, pabaya zaidi. Nilivumilia mara mbili. Ya tatu nikamnyang'anya uma. Nikaingilia kwa mbali, nikanyanyua bonge zima, nikachagua kipande kizuri chenye macho matatu, nikasafisha kidonda kwa kisu. Kopo la majivu lilikuwa pale. Nikasita. Kisha nikapaka, anaona, nikamnyooshea.

Alipangusa viganja kwenye suruali, akakipokea kwa mikono miwili.

"Macho yatazame juu," nikasema.

"Najua," akasema. "Nimekutazama miaka ishirini na moja."

Kama alikipanda au alikitupa mtaroni kabla hajafika kwake, sijui. Mvua zimenyesha tangu wakati huo, na kama kilipandwa kitakuwa kimechanua. Njia ya kwenda gulioni inapita mbele ya nyumba yake. Mimi huzungukia ile ya nyuma, ni ndefu zaidi na ina tope.